Viwavi vya mutondo, mifugo yetu ya zamani

Wandugu wanachama, na ninyi wafadhili wetu, watu wakisikia habari ya kufuga wadudu kwa chakula wanafikiri ni jambo jipya la miradi. Mwaka 2013 FAO ilitoa kitabu kinene juu ya wadudu wa kuliwa, na wageni wengi sasa wanatuuliza kama siye tunaweza kuanza. Huku Pweto tulianza zamani sana. Tunachotafuta ni kurudisha kazi iliyokatika.

Tuanze na hesabu. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 1961, Gomez na wenzake walipima protini ya wanyama iliyopatikana Kongo kwa mwaka. Samaki wa kuvuliwa walitoa sehemu 47 juu ya 100, nyama ya pori 30, wanyama wa malisho 10. Wadudu nao walitoa 10. Ndiyo, sawa na ng'ombe na mbuzi, na kuku walikuwa mbali nyuma! Mwaka 1980 Malaisse na Parent walipima aina 23 za viwavi vya Katanga ya kusini, wakaona kwamba vikikauka, protini inapita sehemu 60 juu ya 100. Mama zetu hawakusoma zile karatasi, lakini walijua mtoto aliyeachishwa ziwa anapewa nini.

Wengi wanasema wazee waliokota tu, hawakufuga. Hapana. Kipepeo wa usiku anataga mayai juu ya majani ya mutondo na miti mingine ya miombo. Viwavi vinakula majani, vinanenepa, halafu vile visivyookotwa vinashuka na kuingia mu udongo, vinangojea mvua ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo mtu mwenye kulinda mti, yai na udongo anafuga, hata kama hana zizi. Wazee walichoma majani mapema, mwezi wa 5 ao wa 6, wakati nyasi bado ina ubichi kidogo, ili moto mkali wa mwezi wa 9 usikute mayai. Walituma watu kutazama mayai yako wapi. Na siku ya kuokota ilikuwa na mwenyewe: sultani ndiye aliyefungua pori, na kabla yake hakuna aliyegusa. Utafiti uliotolewa mwaka 2002 juu ya eneo la Kopa, upande wa Mpika kule Zambia, ulikuta mambo hayo matatu yangali yanafuatwa: kuchunguza viwavi, kulinda mayai na miti, kufunga na kufungua wakati.

Kwetu yalikatika na vita. Pweto ilipochukuliwa mwezi wa 12 mwaka 2000, watu walivuka na vitu vya kichwani tu. Mu kampi za Kala na Mwange tulipata unga wa HCR, lakini tulikuwa katikati ya Wabemba, na msimu wa finkubala ulipofika tulikutana na majina yale yale, mumpa na chipumi. Batoto waliozaliwa kule walijifunza kuvila, lakini hawakujifunza kuvilinda, kwa sababu pori halikuwa letu.

Kuanzia 2007 tulianza kurudi. Nyumba zilikuwa zimeanguka, mashamba yamekuwa kichaka, na kitu kilichoweza kuuzwa haraka ni makala. Hatumhukumu mtu: minerval ya shule inalipwa na makala mpaka leo. Ila mutondo mkubwa ukiangushwa unaingia tanuru mara moja, na kipepeo anaporudi hana pa kutaga. Kuna pia wanaoangusha mti mzima ili kuokota viwavi vya juu. Ile tunaikataa wazi, awe mwanachama awe mgeni.

Kinshasa, shirika la Farms for Orphans linafuga mposé, funza wa mchikichi, mu masanduku kwa ajili ya yatima. Ni kazi nzuri ya mjini. Huku, ambako miti bado iko karibu, tunaona sanduku lingojee. Tunataka kuacha mitondo michanga isimame nyuma ya nyumba, kuleta matawi yenye mayai kutoka mbali na kuyafunga juu yake, kufunika matawi na chandarua ndege wasimalize vichanga, na kuacha sehemu ya viwavi vishuke chini bila kuokotwa. Wafadhili waliouliza watutumie nini: chandarua na mifuko ya kuoteshea miche.

Upishi bamama wanaujua, tunauandika kwa ajili ya vijana. Kamua tumbo mpaka uchafu wa majani utoke wote, osha, chemsha na chumvi, kisha anika juani mpaka vilie vikikamatwa. Siku ya kula, loweka mu maji ya moto, kaanga na kitunguu na tomati, ongeza karanga za kutwanga. Bukari iwe tayari, maana havingojei.

Mwezi wa 10 tutapita kutafuta mayai. Kila kijiji kitume watu wawili, mmoja kijana, mmoja mzee aliyewahi kuchoma moto wa mapema. Masultani tumekwisha kuwaomba watangaze siku ya kufungua.