Kiyoyozi cha gari la zamani: kubadili gesi pekee hakutoshi

Msimu wa kiangazi, safari ya mchana kutoka Arua hadi Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda, hufanyika katika joto linaloweza kuzidi nyuzi 30. Anayeendesha gari lililoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 huenda akakuta kiyoyozi chake kinahitaji gesi ya R-12, ambayo haizalishwi tena kwa ajili ya magari. Kinaweza kubadilishwa kitumie R-134a, lakini kazi hiyo ina masharti yake.

Kwa nini R-12 iliondolewa

Gesi hiyo ina klorini inayoharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, ulioridhiwa na Uganda mwaka 1988, ulizitaka nchi zinazoendelea kuacha kuitumia ifikapo mwaka 2010. R-134a haidhuru ozoni, ila huchangia ongezeko la joto duniani kwa zaidi ya mara 1,000 ya kiasi sawa cha kaboni dioksidi. Kwa hiyo gesi zote mbili hunyonywa kwa mashine na kuhifadhiwa. Haifai kuziachia hewani.

Kinachobadilishwa

Suala kuu ni mafuta ya kulainisha. Mafuta ya madini yaliyotumika pamoja na R-12 hayachanganyiki na R-134a. Hubaki yametuama ndani ya mabomba, na kompresa hufanya kazi bila ulainisho hadi ikasagika. Hivyo fundi humwaga mafuta ya zamani na kutia ya esta, yanayostahimili mabaki madogo ya yale ya awali.

Kisha hubadilisha kikausha unyevu na pete za mpira kwenye maungio, na kufunga viunganishi vya kujazia vya R-134a. Baada ya hapo mfumo huvutwa hewa kwa pampu kwa angalau nusu saa, kwani unyevu ukibaki huzaa asidi inayokula vyuma. Gesi mpya hupimwa kwa uzito, kwa kawaida asilimia 80 hadi 90 ya kiasi cha R-12.

Kondensa, iliyo mbele ya rejeta, nayo ichunguzwe. Penye joto kali R-134a huwa na shinikizo kubwa zaidi, hasa gari likisimama, kwa mfano kwenye foleni ya mpaka wa Oraba, kaskazini mwa Koboko. Kondensa kubwa zaidi au feni ya ziada husaidia.

Hatari ya njia ya mkato

Gesi ya kupikia hupoza, lakini huwaka. Ikivuja ndani ya gari, cheche moja yatosha kuleta maafa. Kazi ikikamilika, kibandiko chenye jina la gesi na aina ya mafuta hubandikwa chini ya boneti, ili fundi ajaye asichanganye visivyopatana.