Alama 15 za Kufa na Kupona

Unaweza kuinua pakiti ya maziwa ya nusu lita? Na ya lita nzima je? Mkono wako unafika mfuko wa juu wa koti, au kichwani kama mtu anayevaa kofia? Tangu Oktoba 2008 maswali ya namna hii yamekuwa yakiamua nchini Uingereza mgonjwa yupi apewe posho na yupi aambiwe akatafute kazi. Aliyeshindwa kuinua nusu lita alipata alama 15, na hizo zilimtosha. Aliyeiweza nusu lita akashindwa lita moja alipata 9. Zile sita zilizobaki ilibidi azipate kwenye maswali mengine, la sivyo anaandikiwa kwamba anafaa kufanya kazi.

Mtihani wa alama haukuzaliwa mwaka huo. Serikali ya Conservative iliuanzisha mwaka 1995 kwa sura nyingine. Mwaka 1998, Labour ikiwa madarakani, kazi ya kuwapima wagonjwa ilikabidhiwa kampuni binafsi iitwayo Sema. Sema ikanunuliwa na Schlumberger, na mwaka 2004 shughuli hiyo ikaangukia mikononi mwa Atos ya Ufaransa. Mtihani mpya wa 2008 nao ulikuwa wa Labour. Muungano wa Conservative na Liberal Democrats ulipoingia mwaka 2010, ukaanza kuwapima upya hata wale waliokuwa wakilipwa posho ya zamani kwa miaka mingi, kwanza katika miji ya Burnley na Aberdeen. Kwa hiyo hakuna chama kikubwa cha Uingereza kinachoweza kunawa mikono.

Katika chumba cha kupimiwa mgonjwa alimkuta muuguzi, daktari au mtaalamu wa viungo ambaye hajawahi kumwona. Mpimaji aliuliza huku akijaza kompyuta, na programu yenyewe ilikuwa na sentensi zilizotayarishwa za kuchagua. Ripoti ilikwenda kwenye wizara inayolipa posho, na huko mtumishi asiyemjua mgonjwa alitoa uamuzi. Mikono na miguu ilipimika kwa njia hiyo. Mtu ambaye leo anaongea vizuri na kesho hawezi kutoka kitandani kwa sonona, hakupimika.

Na serikali iliambiwa mapema. Mwaka 2010 mchunguzi wa vifo aliiandikia wizara baada ya mgonjwa wa akili kujiua, akitaka utaratibu wa kutomwuliza daktari wa mgonjwa ufikiriwe upya. Mwaka huohuo Profesa Malcolm Harrington, aliyepewa kazi ya kuuchunguza mtihani, alieleza kwamba unaendeshwa kama mashine na hauna utu. Mwaka 2013 mahakama ikasema unawaweka wagonjwa wa akili katika hali mbaya kuliko wengine. Mapema 2014 mchunguzi mwingine wa vifo, safari hii London, aliandika barua inayofanana na ile ya kwanza. Miaka minne ilikuwa imepita, na kifo kingine.

Kiangazi cha 2012 London iliandaa Michezo ya Paralimpiki, na Atos ilikuwa miongoni mwa wadhamini. Watu waliokuja na viti vya magurudumu na magongo walikusanyika mbele ya ofisi za kampuni hiyo, wakati uwanjani wanariadha wenye ulemavu wakishangiliwa na maelfu. Baadhi ya waandamanaji walikuwa wamepimwa na kampuni hiyohiyo.

Februari 2013 kamati ya bunge ya hesabu za serikali, chini ya Margaret Hodge, ilibainisha kwamba asilimia 38 ya rufaa ziliwapa ushindi waliokata rufaa, na kwamba wizara ilijibweteka mno. Mwaka uliofuata Atos ilitangaza kujitoa kabla mkataba haujaisha. Machi 2015 ikaingia Maximus ya Marekani, na mkaguzi mkuu wa hesabu akaonyesha gharama ya kumpima mtu mmoja imepanda kutoka pauni 115 hadi 190. Mkandarasi alibadilika, maswali ya pakiti ya maziwa yalibaki palepale.

Watafiti wa Liverpool na Oxford walikokotoa kwamba upimaji upya wa watu zaidi ya milioni moja kati ya 2010 na 2013 uliambatana na ongezeko la watu 590 waliojiua. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha chanzo cha kila kifo. Ulitosha, hata hivyo, kumfanya waziri yeyote asimamishe zoezi na kuuliza. Zoezi halikusimamishwa. Novemba 2016 kamati ya Umoja wa Mataifa ilisema haki za watu wenye ulemavu zimekiukwa vibaya. Serikali ikakataa matokeo hayo.

Posho ya gharama za ulemavu, iliyoanza 2013 kwa kupimwa na Atos na Capita, ilikwenda njia hiyohiyo. Kamati nyingine ya bunge, ikiongozwa na Frank Field, ilipokea maelfu ya simulizi, na ripoti yake ya Februari 2018 inauma kuisoma. Mtu anayetembea kwa taabu aliandikiwa kwamba humtembeza mbwa kila siku. Hakuwa na mbwa. Mwingine, aliyezaliwa na ugonjwa wa Down, aliulizwa aliupata lini.

Scotland ilichagua vingine. Posho yake ya watu wazima wenye ulemavu, iliyoenea nchi nzima Agosti 2022, husimamiwa na wakala wa umma bila kampuni binafsi kupima watu. Kwingineko, Septemba 2024 ilianza mikataba mipya ya miaka mitano kwa Capita, Maximus, Serco na Ingeus.

Msomaji mwenye ndugu Uingereza aliyenyimwa posho hiyo ya gharama za ulemavu na amwambie haya: ana mwezi mmoja tangu tarehe ya barua kuiomba wizara iangalie uamuzi upya, na ikikataa aende kwenye baraza la rufaa. Kuna miaka ambayo zaidi ya saba katika kila kumi waliofikisha kesi zao huko walishinda.