Manyoya na Tumbo la Sungura: Mambo ya Kuzingatia kwa Wafugaji wa Bahi Wakati wa Kiangazi

Katika Wilaya ya Bahi, mkoani Dodoma, mvua hunyesha msimu mmoja kwa mwaka, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo nyasi hukauka, malisho huadimika, na anayefuga sungura nyumbani hujikuta akitegemea pumba, unga na mabaki ya jikoni. Chakula hicho huonekana kumshibisha mnyama, lakini huweza kuzusha maradhi ya tumbo ambayo mara nyingi lawama yake hubebeshwa manyoya.

Ni kweli kwamba sungura humeza manyoya. Hujisafisha kwa kujilamba mara nyingi kwa siku, na hata mwenye afya njema huwa na manyoya kiasi tumboni. Tofauti na paka, sungura hawezi kutapika; kila alichomeza sharti kipite hadi kitoke kwa njia ya haja. Kinachoyasukuma manyoya hayo ni nyuzinyuzi ndefu za nyasi pamoja na maji ya kutosha. Vitu hivyo vinapopungua, utumbo hupunguza mwendo, maji hufyonzwa, na chakula hushikamana na manyoya kuwa donge gumu. Hivyo, donge la manyoya kwa kawaida ni matokeo ya tumbo lililolegea, wala si chanzo chake.

Tumbo linavyofanya kazi

Sungura ana sehemu ya utumbo yenye umbo la mfuko mkubwa, ambamo bakteria huchachusha chakula. Humo hutengenezwa kinyesi laini, chenye punje ndogo zilizoshikana mithili ya kishada cha zabibu, ambacho sungura hukila moja kwa moja kutoka mwilini ili kupata protini na vitamini. Tendo hilo ni la kawaida na halipaswi kuzuiwa. Kinyesi cha pili ni punje kavu za duara zilizojaa nyuzinyuzi. Wanga na sukari vikizidi, bakteria wenye madhara huongezeka, gesi hujaa na mnyama huharisha au kuacha kula.

Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya mlo wa sungura mkubwa inapaswa kuwa nyasi au hei, apatayo wakati wote. Kutafuna nyasi pia husaga meno yake, ambayo huota maisha yote. Meno ya mbele huweza kukua zaidi ya sentimeta 10 kwa mwaka. Pumba na chakula cha viwandani viwe nyongeza ndogo. Sungura mwenye uzito wa kilo 2 huhitaji takribani mililita 100 hadi 300 za maji kwa siku, na zaidi kunapokuwa na joto.

Kuandaa malisho mapema

Wakati bora wa kujiandaa kwa kiangazi ni kabla mvua hazijakoma. Nyasi zikatwe zinapoanza kutoa maua, zianikwe na kugeuzwa hadi zikauke zikiwa bado na rangi ya kijani, kisha zihifadhiwe juu ya kichanja, mahali pakavu penye hewa. Hei yenye ukungu isitumike. Mabua ya mpunga, yanayopatikana kwa wingi katika mashamba ya Bahi baada ya mavuno, yanafaa kutandikwa bandani na kutafunwa kidogo, lakini lishe yake ni hafifu na hayawezi kuchukua nafasi ya hei.

Tahadhari ichukuliwe kuhusu mtama mchanga au ulionyauka kwa ukame, kwa kuwa huweza kuwa na sumu ya sianidi. Majani mabichi ya muhogo, ya nyanya na ya viazi mviringo nayo yaepukwe. Chakula kipya kiingizwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Kuchana manyoya

Sungura wa manyoya mafupi achanwe angalau mara moja kwa wiki, na kila siku anapokuwa akinyonyoka. Sungura aina ya Angora huhitaji uangalizi wa karibu zaidi. Brashi laini itumike kufuata uelekeo wa manyoya, kwani ngozi ya sungura ni nyembamba na huchanika kwa urahisi. Manyoya yaliyosokotana yafumuliwe taratibu kwa vidole, na sungura asiogeshwe kwa kumtumbukiza majini.

Wakati wa kuchana ndio wakati wa kumkagua: utitiri masikioni, vidonda miguuni, na uchafu chini ya mkia unaoweza kuvuta nzi wakataga mayai. Banda liwe kivulini na lipitishe hewa, kwani joto linalozidi nyuzi 30, ambalo ni la kawaida Dodoma katika Oktoba na Novemba, humdhoofisha na kumpunguzia hamu ya kula.

Dalili za hatari

Punje za kinyesi zilizounganishwa na manyoya kama shanga kwenye uzi ni ishara ya kuongeza hei, maji na kuchana. Punje zinazozidi kuwa ndogo na chache huonesha utumbo unapunguza mwendo. Sungura aliyekaa saa 12 bila kula wala kupata choo, anayejikunyata, kusaga meno au mwenye tumbo gumu, yuko katika hali ya dharura.

Mfugaji asimpe dawa kwa kubahatisha. Amoksilini, ampisilini na penisilini zikipitia mdomoni huweza kuua bakteria wenye manufaa tumboni na kumsababishia sungura kifo. Mnyama apelekwe mapema kwa daktari wa mifugo, au mfugaji awasiliane na afisa mifugo wa kata yake.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama kumtunza ipasavyo. Kwa sungura wa Bahi, matunzo hayo huanza na robota la hei lililowekwa akiba mwezi Aprili, ambalo litamlinda hadi mvua za Desemba zitakaporejea.