Siku 18 za Msiba na Kungoja



Jumatatu ya Pasaka mwaka wa 2025, habari zilipofika kwamba Papa Francis amefariki, wengi wetu tulio Waprotestanti tulijikuta tumeguswa kuliko tulivyotazamia. Huyu ndiye aliyefika Nairobi Novemba 2015 na kwenda kuwaona watu wa Kangemi. Halafu tarehe 8 Mei akachaguliwa Papa Leo wa 14, na majirani zetu Wakatoliki wakatoka katika msiba wakiimba. Wako waliouliza kati yetu: Je, yatupasa kulia nao? Na tukiisha kulia, twaweza kufurahi nao upesi hivi? Swali hilo si jipya. Liliulizwa mwaka wa 1963, na habari za mwaka huo ndizo tunazotaka kuzieleza leo.

Wazee wetu walilikumbuka sana juma lile. Jumamosi tarehe 1 Juni 1963, Kenya ilipata madaraka, na Mzee Jomo Kenyatta akawa Waziri Mkuu. Jumapili ikawa Pentekoste. Jumatatu jioni, huko Roma, Papa Yohana wa 23 akakata roho akiwa na umri wa miaka 81, baada ya kuugua saratani ya tumbo. Chini ya dirisha lake uwanja ulijaa watu waliokuja kumwombea.

Mtu huyu alikuwa nani hata watu wamlilie hivyo? Jina lake la kwanza lilikuwa Angelo Giuseppe Roncalli, mtoto wa wakulima maskini wa kijiji cha Sotto il Monte, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake walilima shamba la mwenyewe na kugawana naye mavuno. Alipochaguliwa Oktoba 1958 alikuwa karibu kutimiza miaka 77, na wengi walidhani ni mzee wa kushikilia kiti kwa muda tu. Lakini Krismasi ile ile ya kwanza alitoka kwenda kuwatazama watoto wagonjwa hospitalini, na kesho yake akaenda gerezani. Aliwaambia wafungwa kwamba kwa vile wao hawakuweza kumjia, yeye amewajia. Tena akawasimulia habari za mtu wa ukoo wake aliyekamatwa kwa kuwinda bila kibali! Hebu fikiri, ndugu msikilizaji. Ni wangapi kati yetu wachungaji na wazee wa kanisa wangelitaja jambo kama hilo mbele ya watu?

Januari 1959 alitangaza kwamba ataita mkutano mkuu wa maaskofu wote. Mwaka wa 1960 alianzisha ofisi ya kutafuta umoja wa Wakristo, akamweka Kardinali Augustin Bea aiongoze. Desemba mwaka huo huo alimpokea Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury. Hakuna mwenye kiti hicho aliyekuwa amemtembelea Papa tangu mwaka wa 1397. Na mkutano ulipofunguliwa tarehe 11 Oktoba 1962, wajumbe wa makanisa ya Kiprotestanti walialikwa wakae ndani wasikilize, wakapewa viti vizuri mbele.

Sisi wa Afrika Mashariki twajua jambo hilo lilikuwa na uzito gani. Baba zetu waliipokea Injili kutoka kwa wamisionari waliogombea vijiji na shule. Huko Uganda mwaka wa 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana kwa bunduki pale Mengo. Hapa kwetu yalikuwako matuta mawili, misheni hii upande huu na misheni ile upande ule, na watoto wa mama mmoja waliofundishwa wasiingie kanisa la wenzao hata kwa mazishi. Naam, hata leo hatumwiti Papa "Baba Mtakatifu," na mambo yanayotutenga katika mafundisho si madogo. Hatusemi yamekwisha.

Kwa hiyo kifo chake kilitupima. Mjini Belfast, katika nchi ya Ireland ya Kaskazini, bendera ya Uingereza kwenye jumba la jiji ilishushwa nusu mlingoti kwa heshima yake. Mchungaji mmoja Mprotestanti, Ian Paisley, akaongoza maandamano kupinga. Aliona kwamba kumlilia Papa ni kuisaliti imani. Lakini Bwana wetu alipolia kaburini kwa Lazaro hakuuliza kwanza nani kati ya waombolezaji ana mafundisho sahihi.

Lakini kulia kulikuwa nusu ya jambo. Kwa sheria ya Kanisa Katoliki, Papa akifariki mkutano kama ule husimama palepale, na atakayemfuata ndiye aamuaye kama utaendelea. Mkutano ulikuwa umefanya kikao kimoja tu, wala haukuwa umepitisha waraka hata mmoja. Si wote Roma walioupenda. Kama angechaguliwa mtu asiyeutaka, mlango aliofungua mzee yule ungeweza kufungwa bila kelele. Basi siku 18 zile zilikuwa za machozi, na zilikuwa za wasiwasi pia.

Makardinali 80 walijifungia kumchagua mwingine. Kati yao alikuwamo Mwafrika, Kardinali Laurean Rugambwa wa Bukoba, ambaye Yohana mwenyewe alimteua mwaka wa 1960. Tarehe 21 Juni akachaguliwa Giovanni Battista Montini, Askofu Mkuu wa Milano, akajiita Paulo wa 6.

Hakufanana na marehemu. Yohana alikuwa mnene, mcheshi, mtoto wa shamba. Paulo alikuwa mwembamba, mwenye kufikiri sana, mtoto wa mwanasheria aliyekuwa mbunge, tena aliyekaa miaka mingi katika ofisi za Vatikani. Watu walimtazama wakimtafuta yule mwingine, kama washirika wanavyomfanyia mchungaji mpya. Ajapo tu, wamwambia, "Mzee wetu hakufanya hivi." Israeli walimlilia Musa siku 30 katika nchi tambarare za Moabu, kisha Yoshua akaamriwa avuke Yordani. Mungu hakumwambia awe Musa. Alimwahidi kuwa pamoja naye kama alivyokuwa pamoja na Musa, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Paulo hakujaribu kuiga ucheshi wa mwenzake. Siku iliyofuata uchaguzi alisema katika radio kwamba mkutano utaendelea, na kwamba hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Tarehe 29 Septemba 1963 akafungua kikao cha pili. Siku hiyo, mbele ya wajumbe wetu wa Kiprotestanti, alisema kwamba ikiwa upande wake una kosa lolote katika mafarakano ya Wakristo, anaomba msamaha kwa Mungu na kwa ndugu waliokosewa. Maneno hayo Yohana hakuwahi kuyasema. Mwaka wa 1966, Askofu Mkuu Michael Ramsey wa Canterbury alipomtembelea, Paulo alivua pete yake mwenyewe akampa.

Tena kuna jambo ambalo sisi wa pande hizi hatuwezi kuliacha. Yohana alifariki tarehe 3 Juni. Ilikuwa tarehe 3 Juni mwaka wa 1886, pale Namugongo, vijana wa Kiganda walipochomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Oktoba 1964 Paulo aliwatangaza wale 22 wa Kikatoliki kuwa watakatifu, na katika mahubiri yake hakuwasahau wale Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Na mwaka wa 1969 alipanda ndege akaja Uganda mwenyewe, Papa wa kwanza kuikanyaga Afrika katika nyakati zetu, akafika Namugongo, mahali ambapo miaka 83 kabla yake hakuna aliyewatenga vijana wale kwa madhehebu walipofungwa kwa matete na kuwashwa moto.