Tango Lisilo na Hatia

Mwezi Mei 2011, katika mwaka wangu wa mwisho nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilisikia redioni kwamba watu wa kaskazini mwa Ujerumani walikuwa wakiharisha damu, na wengine figo zao zilishindwa kufanya kazi. Tarehe 26 wakuu wa afya wa mji wa Hamburg walitangaza kwamba chanzo kilikuwa matango kutoka Hispania. Kesho yake nilimwagiza mpishi asitie tango katika kachumbari ya Jumapili. Mama aliyekuwa akituletea matango kutoka bustani yake ya mtoni akarudishwa na tenga lake.

"Mwalimu, haya nimeyapanda mwenyewe," aliniambia.

Nilimjibu kwamba kinga ni bora kuliko tiba, nikaingia ofisini nikiwa nimeridhika kwamba nimetenda kama mtu aliyesoma.

Tarehe 31 Mei ilielezwa kwamba bakteria waliokutwa katika matango yale hawakuwa wale waliowaua watu. Wauaji walikuwa E. coli wa aina ya O104:H4. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Wanunuzi wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuyakimbia matango ya Hispania, na wakulima waliyatupa. Mwanzoni mwa Juni, Urusi ilipiga marufuku mboga mbichi za Umoja wa Ulaya.

Ukweli ulipatikana kwa kuuliza maswali vizuri zaidi. Wagonjwa walikumbuka nyanya, matango na majani ya saladi. Ndipo wachunguzi wa Taasisi ya Robert Koch walipokwenda kwenye mkahawa mmoja uliokuwa umelisha vikundi 10 vya wageni. Hawakutegemea kumbukumbu za walaji peke yake. Waliwauliza wapishi kila chakula kilitiwa nini. Yakaonekana machipukizi, yaani mbegu zilizooteshwa kidogo na kutiwa mbichi juu ya chakula. Mlaji huyameza bila kuyatia maanani.

Tarehe 10 Juni taasisi za serikali zilitangaza hivyo, na matango yakaondolewa lawama. Machipukizi yale yalitoka katika shamba moja la Bienenbüttel. Mwezi huohuo watu waliugua karibu na Bordeaux, Ufaransa, nao walikuwa wamekula machipukizi. Zilipofuatwa karatasi za biashara za pande zote mbili, zilikutana kwenye mbegu za uwatu zilizotoka Misri. Julai, Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilisema hizo ndizo zilizoelekea zaidi kuwa chanzo.

Uwatu! Mbegu ileile ambayo bibi zetu huwapikia wazazi wanaonyonyesha. Tofauti iko kwenye moto. Mbegu kavu huweza kubeba vijidudu vichache. Ikilowekwa na kuoteshwa katika joto, navyo huzaana. Isipopikwa, huingia tumboni vikiwa hai.

Ujerumani peke yake waliugua watu 3,842, na 53 kati yao walikufa.

Siwalaumu waliotangaza mapema, kwa maana watu walikuwa wakifa. Mwenye kusikia onyo la chakula na alitii siku hiyohiyo. Kosa langu lilikuwa kutouliza ni chakula kipi, kimetoka wapi, kisha kutoifuata habari hadi mwisho wake. Zaidi ya hayo, habari ya tarehe 31 niliisikia. Niliona haya kujikanusha mbele ya mpishi, nikaacha wiki mbili zipite. Nilipokwenda mwenyewe bustanini, matango yalikuwa yamekomaa na kugeuka manjano, na mengine wanalishwa mbuzi. Nilimwomba radhi mama yule. Alinipokea kwa heshima, lakini hasara yake ilikuwa palepale.

Tangu hapo, nikisikia kwamba chakula fulani kimeondolewa sokoni, huandika daftarini jina lake, kilikotoka na tarehe. Chini yake huacha mistari kadhaa mitupu kwa ajili ya habari itakayofuata.