Hoja Iliyotoka Lupa

Kila tarehe 15 Septemba dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Demokrasia, iliyopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2007. Kwetu, demokrasia ikitajwa, mawazo hukimbilia kampeni na masanduku ya kura. Historia ya Chunya inadai zaidi ya hapo: kura humfikisha mbunge bungeni, lakini uhuru wa wananchi hupimwa pale anaposimama kusema jambo ambalo wakubwa wa chama chake hawataki kulisikia.

Jimbo la Lupa, wilayani Chunya, lenye jina la machimbo ya dhahabu yaliyovuta watu kutoka pande nyingi miaka ya 1930, mwaka 1993 liliwakilishwa na Njelu Kasaka. Bunge lile lilichaguliwa mwaka 1990, enzi za chama kimoja. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa mwaka mmoja tu nyuma. Wakati huo Zanzibar ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, ilhali mambo ya nje ni ya Muungano. Kasaka na wenzake wa CCM, waliokuja kuitwa G55, wakapeleka hoja ya kudai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Msingi wake ulieleweka hata kwa mchimbaji wa dhahabu wa Makongolosi, Chunya: Zanzibar ina serikali yake ya kuisemea, Tanganyika inasemewa na nani? Agosti 1993, Bunge likapitisha azimio la kuelekea huko.

Wapo wanaosema hoja ile ilikaribia kuuvunja Muungano. Hofu hiyo haikuwa ya kubeza, kwani Mwalimu Nyerere mwenyewe aliibeba na kuiandikia kitabu, *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania*. Lakini kitabu hicho ni ushahidi wa upande wa pili pia: hoja nzito ilijibiwa kwa hoja, hadharani, taifa zima likisoma na kupima. Muungano haukuvunjika kwa kujadiliwa.

Wengine watasema G55 walishindwa, maana azimio lilifutwa mwaka 1994 kwa msukumo wa chama. Ni kweli, na hapo ndipo penye kasoro: chama kililizidi Bunge nguvu, lakini hakikulimaliza swali. Tume ya Nyalali, iliyochunguza mfumo wa vyama, ilikuwa imekwisha kupendekeza serikali tatu, yaani ya Muungano, ya Zanzibar na ya Tanganyika, kabla ya G55; Tume ya Warioba, ya mabadiliko ya katiba, ikarudia pendekezo hilo mwaka 2013, na Bunge Maalumu la Katiba likabaki na mbili mwaka 2014. Anayeamini serikali mbili na anayetaka tatu wote wanahitaji Bunge linaloweza kulijadili jambo hilo bila woga.

Kwa hiyo, tarehe 15 Septemba, walimu wa Chunya wawape wanafunzi Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, ya mjadala wa mwaka 1993 waisome, wabishane kwa ushahidi, kisha wamuulize mbunge wao wa leo: ni hoja gani ya wananchi wake ameisimamia hata pale chama chake kilipoikataa?