Mwalimu Aliyeuacha Mji

Msomaji, huenda wadhani kwamba mtu huukimbia ulimwengu kwa kuwa ulimwengu umemkataa. Abu Hamid al-Ghazali hakukataliwa na mtu. Alizaliwa Tus, katika nchi ya Uajemi, mwaka 1058. Na mwaka 1091 Nizam al-Mulk, waziri wa masultani wa Kiseljuki, akamweka kuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad. Wanafunzi 300 walikaa mbele yake. Sisi walimu tulemewao na darasa la watu 40 twaweza kustaajabu tu!

Mwaka 1095 alianza kujiuliza kama alifundisha kwa ajili ya Mungu au kwa kutaka sifa. Jawabu lilimtisha. Kwa muda wa karibu miezi sita alivutwa huku na huku: asubuhi aazimia kuondoka, jioni azimio limevunjika. Mwishowe ulimi ukafungwa. Akikaa kufundisha, hawezi kutamka neno. Chakula nacho hakikupita kooni, hata matabibu wakakata tamaa, wakasema kwamba maradhi yametoka moyoni. Hayo aliyaandika mwenyewe, wala hakuona haya.

Basi akatangaza kuwa aenda kuhiji Makka, ilhali nia yake ilikuwa Sham. Alichelea khalifa na rafiki zake wasije wakamzuia, na kwa hila hiyo mimi simlaumu. Aliigawa mali yake, akabakiza ya kumtosha yeye na watoto wake. Huko Damascus alikaa karibu miaka miwili. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkuu na kujifungia mlango mchana kutwa. Akaenda Yerusalemu, akapita Hebron penye kaburi la Ibrahimu, ndipo akafika Makka na Madina.

Walakini usidhani kwamba upweke wake ulikuwa mtimilifu. Watoto walimwita, akarejea kwao, naye hakuwa na nia ya kurudi tena. Katika miaka hiyo ya kutangatanga ndipo alipoitunga Ihya, ambayo wanavyuoni wa pwani yetu waijua sana.

Mwaka 1106 waziri Fakhr al-Mulk, mwana wa yule Nizam al-Mulk, alimtaka afundishe Nishapur. Akakubali, akieleza kuwa zamani alifundisha elimu imletayo mtu cheo, na sasa afundisha ile imfanyayo akiache. Hata huko hakudumu. Alirudi Tus, akawasomesha wachache karibu na nyumba yake, na huko ndiko alikofariki mwaka 1111.